Kijiji Kilichotuma Roho Sinema

Siku Mwenyekiti Pyo alipotangaza kwamba kijiji kizima cha Gamnae kitakwenda sinema bila mtu yeyote kutoka nyumbani kwake, Gwak Sangdeok alikuwa bandani akitundika vitunguu saumu, na kama wenzake wote hakuwa na pa kujificha. Kipaza sauti cha Gamnae kimefungwa juu ya nguzo mbele ya nyumba ya wazee. Kinasikika mashambani, kinasikika chooni, na hata ukizama ndani ya beseni la kuogea maji yakafunika masikio, bado utamsikia Pyo akikohoa.

“Aa, aa. Moja, mbili. Mnanisikia?” Pyo alinyamaza kidogo kungoja jibu, ingawa hakuna aliyewahi kukijibu kipaza sauti. “Vizuri. Tangazo. Filamu ya mtoto wetu Yunseul imefika sinema ya wilaya, itaonyeshwa kila Jumatano mchana. Sasa, ni filamu ndogo, na filamu ndogo ikikosa watu inaondolewa. Najua mna vitunguu vya kutundika. Magoti yenu nayajua. Lakini mpwa wangu wa Seoul kanieleza kwamba vijana wana utaratibu wao, wanauita kutuma roho. Unanunua tiketi, unabaki nyumbani, roho yako inakwenda kukaa kwenye kiti. Kwenye kompyuta inaonekana umekwenda. Mama Taeho atapita nyumba kwa nyumba. Mwili ubaki na kazi zake, roho iende sinema. Mwisho wa tangazo.”

Kisha, kwa kuwa hajawahi kujifunza kuizima ile mashine kwa wakati, kijiji kikamsikia akimwambia mkewe kwamba supu imezidi chumvi.

 Sangdeok alichukua kichala kingine akakitundika. Mama Taeho alipita nyumba zote siku ile, hata kwa yule bibi asiyeona, ambaye alitoa hela yake bila kinyongo na kusema roho yake macho inayo. Mlangoni kwa Sangdeok alipita akitazama pembeni, kwa heshima, namna mtu anavyopita nyumba yenye ugomvi.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa zamani, na haukuwa siri. Yunseul ndiye mtoto wake wa pekee. Alipochaguliwa kusomea ufamasia, kijiji kilitundika bango la kitambaa pale njia panda: HONGERA BINTI WA GWAK SANGDEOK. Bango lilikaa mpaka jua likalichosha. Mwaka wa pili Yunseul akaacha ufamasia akaenda kusomea filamu. Hakuna bango lililotundikwa. Lile la kwanza Sangdeok alilishusha mwenyewe, na mpaka leo analifunikia mbolea.

Mama yake Yunseul ndiye aliyekuwa kamba kati ya hawa wawili, na alipofariki kamba ikakatika. Mwaka mmoja baada ya mazishi, Yunseul alikuja na watu wenye kamera akaomba ukuta wa nyuma wa banda, ule ambao marehemu alikuwa akiupaka chokaa mwenyewe kila majira ya kuchipua. Alitaka baba yake avishushe vitunguu kwa siku chache tu. Sangdeok alisema mbele ya watu, na Pyo akiwepo, na Mama Taeho akiwepo akisuka mashina: “Vitunguu vikishatundikwa havishushwi mpaka vikauke. Na hiyo filamu yako, hata ukinionyeshea kwenye ukuta huo huo, sitaitazama.”

Yunseul aliinama kwa adabu, akapakia kamera zake, akaenda kutafuta banda la watu wengine wilaya ya mbali. Maneno yale yalibaki Gamnae. Kuna watu wanasahau siku ya kuzaliwa kwa wajukuu wao, lakini kiapo cha Sangdeok wanakikumbuka neno kwa neno, pamoja na shati alilokuwa amevaa.

Basi roho zikaenda. Jumatano ya kwanza ukumbi ulijaa, na hakuingia mtu. Kijiji cha jirani kiliposikia kikaona wivu, nacho kikatuma roho zake. Jumatano ya pili tiketi ziliisha asubuhi, zikabaki lawama. Filamu ambayo ingeondolewa baada ya wiki moja ikaongezewa wiki, ikaongezewa tena. Mkuu wa utamaduni wa wilaya alisema hajaona mwamko kama ule tangu awe kazini, na hakukosea, maana yeye mwenyewe hakuwahi kwenda pale kutazama.

“Wewe umeiona?” Sangdeok alimuuliza Mama Taeho siku moja, walipokuwa wakikata mizizi ya vitunguu. Aliuliza akitazama kisu, kana kwamba swali lilikuwa la kisu.

“Nimetuma roho.”

“Hilo najua. Wewe mwenyewe.”

“Mimi niende kufanya nini, Baba Yunseul? Nyumbani nikibanwa na haja naisimamisha filamu, inanisubiri. Kule ukienda chooni ukirudi mtu kashakufa, na hujui nani kamuua.”

“Kwenye hii hafi mtu.”

“Umejuaje?”

Sangdeok alikata mizizi ya vitunguu vitatu vinne kabla ya kujibu. “Nimesikia tu.”

“Basi ndiyo kabisa! Hata mtu hafi! Wanasema ni saa mbili za vitunguu saumu vinakauka. Vitunguu saumu si ninavyo? Nikitaka kuviona vikikauka nafungua mlango wa banda. Halafu siku hizi filamu ikitoka sinema, mwezi haupiti iko kwenye simu. Kitu kinakuja chenyewe nyumbani, nikifuate kwa basi?” Akatupa mizizi kwenye ndoo. “Halafu ndefu.”

“Nani kasema ndefu?”

“Kila mtu.”

Ilikuwa kweli. Kila mtu Gamnae alisema filamu ya Yunseul ni nzuri ila ndefu. Hakuna aliyekuwa ameiona.

Sangdeok hakuwa mtu wa sinema. Ujana wake kulikuwa na sinema moja mjini, ya ghorofa mbili, ambayo leo ni nyumba ya kutunzia wazee, na wako watu waliobusiana mle wakiwa vijana na sasa wanalishwa uji mle mle. Alikuwa akimpeleka mkewe wakati wa uchumba. Wananunua ngisi mkavu wa kuchoma, wanakaa, taa zinazimwa, naye Sangdeok, aliyeamka alfajiri kwenda shamba, analala fofofo mpaka taa ziwashwe. Njiani mkewe anamsimulia hadithi yote. Ndivyo alivyoziona filamu zote za maisha yake, kwa mdomo wa mkewe, wakitembea kurudi nyumbani. Hii ya Yunseul ilikuwa ya kwanza ambayo asingekuwa na wa kumsimulia.

Jambo hili lilimkosesha raha kuliko alivyopenda kukiri. Alimkosea mtoto wake, alijua amemkosea, na kila Jumatano ilipopita alizidi kujua. Ila mtu aliyekula kiapo mbele ya kijiji anabanwa na kiapo chake kama mtu aliyevaa viatu vidogo: anaumia, na bado anatembea akitabasamu.

Jumanne jioni kipaza sauti kikakohoa. “Aa, aa. Moja, mbili. Filamu ya Yunseul kesho ndiyo mwisho kabisa. Inakuja ya wanyama wanaoimba. Tiketi za kesho zimekwisha zote. Hongereni kwa kujitokeza.”

Asubuhi Sangdeok aliosha mikono kwa sabuni, halafu kwa dawa ya meno, halafu kwa siki, na bado ilinuka vitunguu saumu. Akavaa suruali ya misiba, kofia ya chama cha ushirika, akafunga banda. Mama Taeho alimwita kutoka upande wa pili wa ukuta.

“Waenda wapi umependeza hivyo, Baba Yunseul?”

“Hospitali. Goti.”

“Kwa suruali hiyo?”

“Daktari ni mgeni.”

Sinema ya wilaya iko ghorofa ya pili ya jengo la utamaduni, juu ya kituo cha chanjo. Ina ukumbi mmoja, mashine moja ya bisi, na mtu mmoja, Bi Bang Miok, ambaye anakata tiketi, anakaanga bisi, anawasha filamu na anafagia. Sangdeok hakuwahi kuonana naye, lakini alijua kitu kimoja kumhusu, na kilitosha kumtia baridi: Bi Bang ni binamu yake Mama Taeho. Neno likiingia sikio lake saa nane, kabla ya saa nane na nusu liko Gamnae limeshavua viatu.

“Tiketi moja,” Sangdeok alisema. “Ya hii ya sasa hivi.”

“Imejaa, mzee.”

Sangdeok alitazama nyuma yake. Ukumbi wa kungojea ulikuwa mtupu. Kulikuwa na viti, sanamu ya katuni iliyokatwa kwenye kadibodi, na yeye.

“Imejaa watu?”

“Imejaa tiketi.” Bi Bang aligeuza kompyuta ili mzee aone. Viti vyote vilikuwa vyekundu. “Unaona? Nyekundu ni kilichouzwa. Jina lako nani, nikutazamie kama umeandikishwa?”

Hapo ndipo alipokosea. Jina lilikuwa mdomoni, akalimeza. “Kim,” akasema.

“Kim nani?”

“Kim tu.”

Bi Bang alimwangalia. Katika wilaya ile, ukisema wewe ni Kim umesema wewe ni mtu. “Hakuna Kim tu,” akasema. “Kuna Kim wengi, lakini wote ni roho.”

“Sasa ndani kuna nani?”

“Hakuna mtu.”

“Basi niingie.”

“Uingie ukae wapi? Viti vina wenyewe.”

“Wenyewe wako nyumbani wanakata mizizi ya vitunguu!”

“Huo ni uamuzi wao. Tiketi haisemi lazima uje. Inasema kiti ni chako.” Alitazama saa ya ukutani, akatoka kibandani mwake, akafungua mlango wa ukumbi na kusimama pale mbele. Sangdeok alimsikia akiviambia viti vitupu, kwa sauti ya adabu kabisa, kwamba wazime simu zao, wasipige teke kiti cha mbele, na milango ya dharura iko kushoto na kulia. Kisha taa zikazimika.

“Kwa nini unawaambia?” Sangdeok aliuliza alipotoka.

“Kanuni inasema nitangaze. Haisemi wawepo.” Akarudi kwenye mashine ya bisi. “Kama unataka sana, mtafute mwenye kiti mmoja apige simu hapa akifute. Kikibadilika rangi nakuuzia.”

Filamu ilikuwa imeanza. Kupitia mlangoni ilisikika sauti ya mvua juu ya bati. Sangdeok alisogea pembeni, akageukia ukuta, akampigia Mama Taeho.

“Mama Taeho, kile kiti chako cha sinema ya leo. Kifute.”

“Nini?”

“Kuna mtu anakihitaji.”

“Mtu gani?”

“Mtu tu. Mgonjwa mwenzangu hapa hospitali.”

“Huyo mgonjwa alikuwa wapi sisi tukituma roho? Baba Yunseul, sikiliza. Mimi Yunseul nimembeba mgongoni. Leo siku yake ya mwisho niende nimtolee roho yangu kwenye kiti? Nitamtazamaje mama yake nikifika huko juu? Wewe una moyo mgumu, tumezoea, lakini usitufundishe na sisi.” Akakata simu.

Alimpigia Mwenyekiti Pyo, akidhani mwanamume mwenzake ataelewa.

“Nifute?” Pyo alipaza sauti kana kwamba anatangaza. “Mwenyekiti mzima nijitoe? Watasemaje? Yaani wewe kutokwenda hakukutoshi, unataka na roho zetu zisiende?”

“Sikusema hivyo.”

“Ngoja kwanza. Mbona nasikia kitu kinapasuka pasuka? Uko wapi?”

“Hospitali.”

“Hospitali wanakaanga bisi?”

“Siku hizi hospitali ni za kisasa,” Sangdeok alisema, na safari hii alikata yeye.

Alipiga simu nyingine, na nyingine. Wote walikataa, wengine kwa upole, wengine kwa matusi, na wote kwa sababu moja: kwamba wanampenda Yunseul. Sangdeok hakuwahi kujua kwamba mtoto wake anapendwa kiasi kile. Ilimchoma. Kijiji kizima kilikuwa kimekaa mle ndani gizani kwa ajili yake, na aliyezuiwa mlangoni ni baba mtu, akiwa na suruali ya misiba na jina la Kim.

Nyuma ya mlango mvua ya filamu ilikwisha. Sauti ya mwanamke iliimba kidogo, ikanyamaza. Muda ulikuwa unakwenda.

“Nisimame tu,” alimwambia Bi Bang. “Nyuma kabisa. Sitagusa kiti cha mtu.”

“Kusimama hairuhusiwi. Moto ukitokea, waliosimama wanaziba njia.”

“Wanamzibia nani?”

Bi Bang aliongeza mahindi kwenye mashine ya bisi. Mzee alikuwa amechoka, goti la kushoto lilikuwa linamuuma kweli sasa, kana kwamba limesikia uongo wake wa asubuhi likaamua kuutimiza, na akaegemea mlango. Mlango ukafunguka kidogo. Akaona ukumbi, mistari ya viti, na mwanga wa filamu ukicheza juu yake. Na kwenye kiti cha ukingoni, mstari wa katikati, akaona mto. Mto wa kukalia, wa kitambaa cha viraka.

“Kile chenye mto,” akasema. “Kile nacho ni cha roho?”

“Kile usikiguse kabisa!” Bi Bang alitoka mbio, akaurudisha mlango. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na joto. “Kile si cha roho. Kile ni cha mtu wa kuja.”

“Mtu gani?”

“Mwenye filamu alikuja mwenyewe siku ya kwanza, kabla sijafungua. Msichana mwembamba, ana adabu. Alikaa kwenye kila kiti cha ukingoni, kimoja kimoja, ananyoosha mguu wa kushoto, anatazama kama unagonga kitu. Nikamuuliza, unatafuta nini, mama? Akasema anamtafutia baba yake kiti, baba yake goti la kushoto halikunji. Alipokipata kinachofaa akakilipia Jumatano zote, akaweka na mto. Eti ni wa mama yake, marehemu. Akaniambia, ‘Akija mtu anaitwa Gwak Sangdeok, mpe hiki. Mwingine yeyote asikalie.’”

Sangdeok alishika ukuta.

“Nikamwambia, na asipokuja? Maana nimesikia habari za huyo baba, nina binamu yangu kijiji hicho. Kichwa kama jiwe la kusagia. Alikula kiapo hatakanyaga hapa.” Bi Bang alishusha pumzi. “Akasema, ‘Atachelewa, lakini atakuja.’ Basi kila Jumatano nautoa mto, naupangusa, nauweka. Likiisha onyesho nauondoa. Hajaja. Na leo ndiyo mwisho.”

Mashine ya bisi ilizimika yenyewe. Ndani ya ukumbi mtu wa filamu alikuwa anatembea juu ya majani makavu.

 Kitu Sangdeok alichotakiwa kusema kilikuwa kifupi, na Gamnae yote ilikuwa inakisema kila siku kwa zaidi ya miaka thelathini. Walikisema wakimwita kula, wakimwita shambani, wakimwita kwenye mazishi ya mkewe. Ni yeye tu aliyekuwa hajawahi kukisema.

“Mimi ndiye,” akasema.

“Ndiye nani?”

“Baba Yunseul.”

Bi Bang alimtazama kofia mpaka viatu. “Umesema wewe ni Kim.”

“Nilidanganya.”

“Kitambulisho.”

Akakitoa. Bi Bang akavaa miwani, akakisoma mbele, akakigeuza akakisoma nyuma, ambako kulikuwa na anwani tu. Kisha akamrudishia kwa mikono miwili, akainamisha kichwa.

“Karibu, mzee,” akasema. “Ungesema jina lako saa ile ulipofika, ungeiona yote.”

Alimshika kiwiko akampeleka gizani. Kiti kilikuwa sawasawa. Mguu ulinyooka mpaka mwisho usiguse kitu. Mto aliujua kwa kuukalia, kabla hata ya kuupapasa. Marehemu aliushona kwa mabaki ya nguo za shule za Yunseul. Sangdeok alivua kofia, akaipakata, akainua macho.

Pale juu kulikuwa na banda. Halikuwa lake, nguzo zilikuwa fupi na mlango ulifungukia upande mbaya, lakini mwanga ulikuwa wa kwake. Mwanamume mmoja mwenye nywele nzuri mno alikuwa ameketi chini akisuka mashina ya vitunguu.

“Kaza!” Sangdeok alisema kwa sauti. “Ukisuka hivyo vitaanguka kabla ya mwezi kuandama.” Hakuna roho iliyomnyamazisha.

Yule mtu alimaliza kichala chake, akasimama, akakitundika ukutani. Akabaki ametazama nafasi tupu upande wa pili wa banda, palipowekwa kigoda ambacho hakuna aliyekikalia. Kisha akakiambia kigoda, polepole, kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa: “Mwaka huu vimekuwa vidogo. Lakini vikali.”

 Maneno yale yalikuwa ya Sangdeok. Aliyasema mwaka ule aliofiwa, bandani, peke yake, mlango ukiwa umerudishwa, maana kila mwaka marehemu ndiye aliyeonja kitunguu cha kwanza na kutoa hukumu, na sasa ilibidi mtu amjulishe. Aliendelea kumjulisha mambo mengi tangu siku ile, bei, mvua, goti. Alidhani hakuna anayesikia. Kumbe mtoto alikuwa nje ya mlango, amesimama, hakuingia, hakukohoa, akaenda zake na maneno yale akayatunza miaka yote hii, akampa mtu mwenye nywele nzuri ayaseme vizuri.

“Vikali kweli,” Sangdeok alikiambia kigoda, kwa sauti yake mwenyewe, na machozi yakamtoka mbele ya kijiji kizima.

Kisha pakawa peusi, majina yakaanza kupanda. Alikuwa ameona vile vipande vya mwisho tu. Alisoma majina yote, ya wenye kamera, ya wenye taa, ya aliyekopesha banda, mpaka ukuta ukabaki mweupe na Bi Bang akaingia na fagio, akaanza kufagia mstari wa kwanza ambao haukuwa na uchafu wowote.

Sangdeok alitoka na mto kwapani. Akasimama kwenye ngazi, juu ya kituo cha chanjo, akabonyeza namba ambayo huwa anaibonyeza mtu anapokufa.

“Baba?” Sauti ya Yunseul ilikuja na hofu. “Kuna nini? Nani amezidiwa?”

“Hakuna aliyezidiwa. Niko sinema.”

 Upande wa pili magari ya Seoul yalisikika yakipita.

“Umekaa wapi?” hatimaye akauliza.

“Ukingoni.”

“Mguu?”

“Umenyooka.”

 Halafu, kwa sauti ndogo, sauti ya mtoto aliyeleta matokeo ya mtihani nyumbani: “Umeionaje, Baba?”

Sangdeok alitafuta neno. Alikuwa nayo mengi, yamemjaa mpaka shingoni, ila lililopita mlangoni lilikuwa moja.

“Fupi.”

“Fupi?”

“Fupi mno.”

“Baba, watu wote wanasema ni ndefu.”

“Hao hawajaiona.”

Yunseul akacheka, kicheko kikakatika katikati, akavuta pua. “Uliingia saa ngapi?”

“Nilichelewa,” Sangdeok alisema. Akaubana mto. “Nilichelewa sana, mwanangu.”

Walikaa kimya wote wawili, kila mtu na simu yake sikioni, na hakuna aliyekata. Ndani, Bi Bang alikuwa tayari kwenye simu anaongea na binamu yake. Sangdeok alimsikia na hakujali.

“Leo ndiyo ilikuwa ya mwisho huko,” Yunseul alisema. “Lakini ninayo hapa. Jumamosi naweza kuja na mashine, uione kutoka mwanzo. Hatuhitaji ukumbi. Tunahitaji ukuta tu. Mweupe, usio na kitu.”

Nyumbani kwa Sangdeok palikuwa na ukuta mweupe mmoja tu, nao ulikuwa umefunikwa vitunguu kuanzia dari mpaka sakafuni, vibichi bado, vya juzi.

“Nitavishusha,” akasema.